Mstatili wa Mgeni Rasmi

Chumba cha kompyuta cha shule yetu kilikuwa na sheria moja tu, imeandikwa mlangoni kwa herufi kubwa nyekundu: VUA VIATU. Sheria ya pili haikuhitajika, maana hapakuwa na mtu wa kuivunja. Mlango ulikaa na kufuli mwaka mzima, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa mkuu wa shule pamoja na tasbihi yake.

Nilifika pale kufundisha hisabati kwa kujitolea. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimerudi nyumbani Dunda, na nimekaa muda wa kutosha kumchosha kila mtu kwa maswali. Mama alisema afadhali maswali hayo niende nikawaulize watoto wa watu, huenda wao wakanijibu. Shule yenyewe iko upande wa Kerege, ndani kidogo kutoka barabara ya kwenda Dar. Ina madarasa yenye sakafu ya saruji iliyochimbika, ina mikorosho nyuma ya vyoo, na ina chumba hicho kimoja chenye vigae na feni, ambacho mkuu alinionyesha siku ya kwanza kabla hajanionyesha hata ubao.

Kompyuta zilipangwa kuzunguka ukuta, kila moja imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua ya waridi pembeni. Mke wa mkuu ndiye aliyevifuma. Juu ya meza ya mwalimu palikuwa na maua ya plastiki. Chumba kilinukia udi. Nikauliza wanafunzi wanaingia saa ngapi.

Mkuu alinitazama kama mtu aliyeulizwa kuku wanalala saa ngapi kitandani kwake.

"Vitu hivi ni vya watu, mwanangu," alisema. "Vikiharibika, aliyetuletea akija tutamwambia nini?"

Nilielewa pale pale niko wapi. Nilikuwa sebuleni. Nyumbani kwetu tuna kabati la vioo lenye vikombe vya rangi ya dhahabu ukingoni, na tangu nipate akili nimeviona vikitumika siku za posa na za msiba. Sisi wenyewe tunanywea chai kwenye vikombe vya plastiki. Nilipokuwa mdogo niliuliza kwa nini vitu vizuri vya nyumba hii ni vya watu wasioishi humu, na nikaambiwa nina mdomo. Nimesoma, nimekua, nimefika mbali, na kumbe mdomo wangu wote huo umenirudisha kwenye kabati lile lile, ila safari hii lina vioo vinavyowaka ukibonyeza.

Basi nikafundisha kwa ubao. Kipindi kile tulikuwa kwenye mada ya nukta, mistari na maumbo kwenye karatasi ya miraba, mada ambayo ingekuwa nzuri kama vitabu visingeiua kabla mwalimu hajafika. Hebu fungua kitabu chochote cha shule utafute mstatili. Utaukuta umelala chali, mstari wa chini sambamba na sakafu, kama godoro. Kila kitabu, kila mwaka. Matokeo yake ukimchorea mwanafunzi mstatili ule ule umeinama kidogo, anakuambia si mstatili. Ukimuuliza umekuwa nini, anasema umekuwa almasi. Darasa zima la kidato cha tatu liliamini kwamba umbo likiinama linabadilika jina, kama mtu akilala usingizi anakuwa mtu mwingine. Niliwauliza walifundishwa hivyo na nani. Hawakufundishwa na mtu. Walikuwa wameona tu, miaka yote, godoro lile lile.

Ubao nao haukunisaidia. Ulikuwa umepasuka katikati, na mstari wowote nilioupitisha pale ulirukia upande wa pili kama umeshtuka. Nilichora mstatili ulioinama mara ngapi sijui, na kila mara ulitoka umepinda, na kila mara walicheka, na walikuwa na haki.

Siku moja mkuu akaniita nikamkagulie kama kompyuta zinawaka. Nilivua viatu, nikakunja vitambaa, nikaziwasha moja moja huku yeye amesimama mlangoni akilinda. Ziliwaka zote. Ndani yake nikakuta programu ya kuchorea jiometri: karatasi ya miraba kwenye kioo, unaweka nukta popote, unaunganisha mistari, unaikamata kona kwa kipanya na kuiburuta, na umbo zima linakufuata huku namba zikibadilika pembeni. Nilichora mstatili ulioinama. Ulitoka ulivyo. Nikauinamisha zaidi, nikausimamisha, nikaulaza kama godoro, ukabaki mstatili. Kwa muda wa dakika kadhaa nilisahau kwamba kuna mtu mlangoni.

"Zimewaka?" akauliza.

Nikamwambia zimewaka, na kwamba kila ninachoshindwa kukifundisha ubaoni kimo humu. Akasema alhamdulillah, akaanza kurudishia vitambaa.

Nilirudi kwake mara nyingi na ombi lile lile, naye mara nyingi alinijibu kwa upole ule ule ambao haumfikishi mtu popote. Nilimpa hoja, akanipa kahawa. Nadhani angeendelea kunipa kahawa mpaka leo, kama isingekuja habari kwamba kuna mgeni rasmi anakuja kuona jinsi shule inavyotumia kompyuta. Mgeni huyo alikuwa mtu wa serikalini. Ofisi gani siisemi, na haijalishi, maana wageni rasmi wote huwa mtu mmoja.

Sasa mkuu ndiye aliyenitafuta mimi. Shule ilitakiwa kuonyesha matumizi, na matumizi hayakuwepo. Alitaka mwanafunzi mmoja asimame mbele ya mgeni afanye jambo la kuonekana. Nikamwambia nitafanya, lakini kwa sharti: baada ya siku hiyo chumba kifunguliwe kwa kidato cha tatu kila mchana. Alizungusha tasbihi.

"Siku hiyo ikienda vizuri," alisema mwisho, "ufunguo nakupa."

Mwanafunzi alimchagua mwenyewe. Hakuniuliza nani anajua hisabati. Alimchukua msichana wa kidato cha tatu ambaye huongoza kaswida kwenye maulidi, kwa sababu sauti yake hufika mpaka barabarani na hamwogopi mtu. Msichana huyo katika hisabati alikuwa ameshakata tamaa, kaweka matanga na kuyaanua. Mtihani wa mwisho alikuwa amenirudishia karatasi yenye jina lake tu, limeandikwa vizuri sana.

Mazoezi tulifanya mchana, mimi na yeye, tumevua viatu, na mkuu akipitapita dirishani. Mara ya kwanza alishika kipanya kama anashika sabuni inayoteleza. Nilimwonyesha jinsi ya kuweka nukta: namba ya kwanza inakupeleka mbele, ya pili inakupandisha. Tukaweka kona ya chini kwenye moja na moja. Ya kulia kwenye tano na tatu. Ya juu kwenye nne na tano. Ya kushoto kwenye sifuri na tatu. Tukaunganisha.

"Almasi," akasema.

"Kwa nini si mstatili?"

"Umeinama, mwalimu."

"Wewe ukiinama kufagia unakuwa nani?"

Alicheka, akasema mimi nina maneno. Nikamwonyesha mwinuko. Kitabu kina jina lake la Kiingereza ambalo wanafunzi hulitamka kama wanameza kidonge. Sisi tuliuita mwinuko tu. Kutoka kona ya chini kwenda ya kulia unakwenda mbele miraba minne, unapanda miwili: mwinuko ni nusu. Kutoka kona ya kulia kwenda ya juu unarudi nyuma mraba mmoja, unapanda miwili: mwinuko ni hasi mbili. Zidisha nusu kwa hasi mbili. Ukipata hasi moja, mistari hiyo imekutana kwa pembe ya nyuzi tisini, iwe imelala, imesimama au imeinama. Programu ilikuwa ikizidisha yenyewe na kuandika jibu juu upande wa kulia wa kioo: hasi moja.

Aliburuta kona ya juu kidogo. Namba ikabadilika. Akairudisha. Hasi moja. Akaiburuta tena. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi bila kuniangalia, mdomo wazi kidogo, na nikanyamaza, jambo ambalo kwangu si jepesi.

"Kwa hiyo ikisema hasi moja ni kweli," akasema.

Hapo ikabidi niharibu furaha yake. Nina chuki na watu wanaoamini kioo. Chuoni nilikaa na vijana walioacha kumwamini mhadhiri, nikadhani wameanza kufikiri, kumbe walikuwa wamehamia kuamini simu. Nikamuuliza msichana nani kaiambia programu kwamba ni hasi moja. Akasema inajua yenyewe. Nikamwambia hata redio inajua yenyewe kuongea, lakini si kila inachosema tunakimeza.

Alifikiri. Halafu akanyoosha kidole kwenye kioo, mkuu akigonga dirisha kwa sababu ya alama za vidole, na akaanza kuhesabu miraba kwa sauti. Kutoka kona ya kushoto hadi ya kulia: mitano, mstari umelala, hauna ubishi. Kutoka ya chini hadi ya juu: mbele mitatu, juu minne. Hapo akakwama. Nikamkumbusha ile kanuni ya pembetatu aliyoikariri kidato cha pili bila kuijua kazi yake. Tatu mara tatu, nne mara nne, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Akapata mitano.

"Sawa na ule wa kulala," akasema polepole.

"Sasa?"

"Sasa haujapinda. Ungekuwa umepinda, mmoja ungekuwa mrefu."

Sijui kama nimewahi kulipwa chochote katika maisha yangu kinachofanana na sentensi ile. Kutoka siku hiyo alikuwa akinisubiri mlangoni kabla sijafika, viatu mkononi. Aliniuliza kama tukifanya vizuri kweli tutafunguliwa. Nikamwambia mkuu ameahidi. Akasema wenzake darasani wamemwambia wanamtegemea yeye, na wengine wanamcheka kwamba hata akifunguliwa atafanya nini humo, mtu wa sifuri. Alisema hivyo akiwa anaburuta kona, bila huzuni. Alitaka chumba kile kifunguliwe kuliko nilivyotaka mimi. Mimi nilitaka kushinda ubishi. Yeye alitaka kuingia.

Siku ya mgeni kulifungwa turubai, vikapangwa viti vya plastiki, walimu wakavaa nguo ambazo sikujua wanazo. Sambusa zilifika asubuhi na mgeni akafika zikiwa zimeshapoa. Kulikuwa na risala, kulikuwa na shukrani kwa risala, kulikuwa na shukrani kwa aliyeshukuru. Watoto walisimama juani wakiimba kwamba wanampenda mtu ambaye walikuwa wamemwona kwa mara ya kwanza robo saa iliyopita. Nilikuwa nje nikiwapanga, kwa hiyo sikuona mkuu alichokuwa akikifanya ndani.

Mkuu alikuwa ameazima projekta, na ukutani alikuwa ametundika kitambaa cheupe kipana kama shuka la kitanda cha sita kwa sita. Picha ya kompyuta ilipotua pale ilikaa katikati, na kushoto na kulia pakabaki weupe mtupu. Jambo hilo lilimuumiza. Akachukua rimoti akabonyeza hiki na kile mpaka picha ikanyooka kwenda pembeni na kukijaza kitambaa chote. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alishangaa swali lenyewe.

"Utampaje mgeni sahani iliyojaa katikati tu?" alisema.

Sijawahi kusikia kosa la jiometri lenye adabu kiasi kile. Mtu mwingine, wa mahali pengine, angeiacha picha ilivyo, au asingeijali. Ilihitaji mtu wa pwani, aliyelelewa kwamba wali usipofika ukingoni mwa sahani ni matusi, ili akamate mstatili wangu na kuunyoosha kama unga wa chapati.

Mgeni akaingia. Alivua viatu, na soksi zake zilikuwa mpya kabisa, nadhani alionywa. Vitambaa vya kufuma vilikuwa vimeachwa juu ya kompyuta zote isipokuwa moja. Msichana alisimama mbele, ushungi mweupe, akaamkia shikamoo kwa sauti yake ile, wageni wakaitikia marahaba, akabonyeza, na umbo likatokea ukutani.

Niliona mara moja. Umbo lilikuwa limesukumwa. Kona ya kushoto na ya kulia zilikuwa zimechongoka, ya juu na ya chini zimetanuka. Na nyuma yake miraba yote ya karatasi ilikuwa imegeuka kuwa matofali. Hiyo peke yake ilitosha kumwambia yeyote mwenye macho kwamba tatizo ni ukuta, si umbo. Watu wote mle ndani walikuwa na macho.

Msichana naye aliona. Nilimwona akitazama ukuta, halafu kioo cha kompyuta, halafu ukuta tena. Akaendelea kama tulivyojifunza. Akasema huu mbele yenu ni mstatili, ijapokuwa umeinama, na sasa ataonyesha kwa nini.

"Ngoja, binti," mgeni akasema.

Akainuka kutoka kitini, akasogea karibu, mikono nyuma. Mkuu alikuwa ametutangazia kwamba enzi zake mgeni huyo alikuwa mkali wa hesabu, na nadhani mgeni naye ndiyo kwanza alikuwa amelisikia jambo hilo na likampendeza.

"Huu si mstatili," akasema. "Mstatili nimeusoma mimi. Huu umelalia upande, kama mlango wa nyumba iliyotitia."

Walimu wakacheka. Kile kilikuwa kicheko cha wenyeji, kinachotoka kabla utani haujaisha. Mkuu akasema ni kweli kabisa mheshimiwa, mtoto ameteleza.

Kuna jambo moja ambalo kwetu halifanyiki, na kila mtu aliyekuwa mle ndani alilijua tangu yuko mgongoni mwa mama yake: mgeni hasahihishwi mbele ya watu. Akisema chai ina sukari nyingi, unaomba radhi, hata kama hujatia sukari. Nimelidharau jambo hili maisha yangu yote. Nilisimama. Nilikuwa na sentensi tayari, ilianza na neno "hapana", na ndani yake mlikuwa na matofali, projekta na kona kwa kona. Mkuu aliniona nimesimama, na macho yake hayakuwa na hasira. Yalikuwa yananiomba.

Lakini sikuwahi kuisema, kwa sababu msichana aliniwahi.

"Samahani, mheshimiwa," akasema. "Naurekebisha sasa hivi."

Akaikamata kona ya juu akaipandisha mraba mmoja. Akaikamata ya kushoto, nayo akaipandisha mraba mmoja. Pale ukutani, kwenye picha ile iliyonyooshwa, umbo likakaa sawa, kona zake zote nne zikaonekana za adabu.

"Hapo mheshimiwa?"

"Hapo sasa," mgeni akasema, akiwageukia wengine. "Mnaona? Huo ndio mstatili."

Makofi yakapigwa. Juu upande wa kulia, ile namba ilikuwa imebadilika. Haikuwa tena hasi moja. Ilikuwa hasi moja na nusu, kubwa kama kiganja, na msichana alikuwa amesogea hatua pembeni ili asiizibe. Hakuna aliyeisoma. Mpiga picha akamwomba mgeni asimame karibu na umbo lake, mkuu akasimama upande wa pili, na picha ikapigwa.

Nilikaa chini nikiwa nimejaa sumu. Nilimdharau mgeni, bila shaka, lakini mgeni ni wa kudharauliwa bure, kama mvua. Niliwadharau zaidi walimu wenzangu, ambao wawili kati yao wanafundisha fizikia. Na msichana, nakiri, nilimwona wakati ule amenisaliti mimi na Wagiriki wote walioianzisha jiometri.

Tulipotoka nje nilimkuta anasuuza vikombe bombani na wenzake. Vilikuwa vikombe vya mke wa mkuu, vya kabatini. Akaniona uso.

"Mwalimu umenuna."

Nikamwambia amemdanganya mtu.

"Mimi?" Akaweka kikombe chini taratibu. "Yeye ndiye kasema si mstatili. Mimi nimesogeza kona mbili tu alivyotaka. Namba si nilimwachia pale pale? Niliifunika?"

"Ungemwambia ukweli."

"Angenisikia?" Akanitazama kama ninavyowatazama watu mimi. "Mwalimu, wewe ungebishana naye, mkuu angeaibika, tungekula sambusa, mlango ungefungwa. Yeye alitaka picha. Mimi nataka ufunguo."

Wenzake wakacheka, mmoja akasema huyu dada aolewe na mwanasheria. Nikachukua kikombe nikasuuza. Nimesoma miaka mingi kuja kushindwa hoja bombani.

Lakini ufunguo haukuja hivi hivi. Wakati wa chai nilimfuata mkuu nikamkumbusha ahadi. Akaanza kuizunguka: siku imekwenda vizuri, ndiyo, lakini mtoto ameteleza mbele ya mgeni, tungoje kwanza tuone mgeni ameondoka na moyo gani. Msichana alikuwa anapitisha sinia la sambusa, na najua alisikia, kwa sababu sinia lilisimama. Alisimama nalo mbele ya mgeni rasmi. Akamkaribisha. Akamwambia kwa heshima zote kwamba wanashukuru amewasahihisha, kwamba wanateleza kwa sababu hawana mazoezi, na kwamba chumba hufunguliwa wakija wageni tu.

Hakupandisha sauti. Hakuwa na haja. Sauti ile hufika barabarani.

Mgeni alitafuna, akameza. Alikuwa mtu aliyeridhika sana. Nadhani tangu atoke shule hakuwahi kumsahihisha mtu jambo lililokuwa ukutani kubwa kiasi kile, mbele ya watu wengi kiasi kile.

"Mkuu," akasema, "hawa watoto wanakosea lakini wanarekebishika. Wafungulie wafanye mazoezi kila siku." Halafu akanitazama mimi. "Na mwalimu wao naye."

Mkuu akasema ndiyo, mheshimiwa. Mgeni hasahihishwi. Ufunguo ukatoka mfukoni, ukaachana na tasbihi, ukatua mkononi mwangu ukiwa bado na joto lake.

Kwa hiyo chumba kilifunguliwa kwa sababu ya mstatili usio mstatili, kwa amri ya mtu asiyeujua, ili sisi tunaoujua tufanye mazoezi. Kama kuna mtu anataka kunieleza jinsi nchi hii inavyoendeshwa, asijisumbue, nimeshaiona ikichorwa.

Kidato cha tatu huingia kila mchana. Viatu vinabaki mlangoni, vimepangwa vibaya, na vitambaa tunavikunja mwanzo na kuvirudishia mwisho, maana hilo lilikuwa sharti la mke wa mkuu na sikuwa na nguvu ya vita viwili. Mkuu aliikuza ile picha, akaitia fremu, akaitundika ndani ya chumba juu ya meza ya mwalimu: mgeni upande huu, yeye upande ule, na katikati umbo, miraba yake ya matofali, na juu ya bega la mgeni ile namba, hasi moja na nusu, inasomeka vizuri kabisa.

Nilitaka kuitoa. Msichana akaniambia niiache.

Sasa yeye ndiye huwapokea wanaoingia kwa mara ya kwanza. Huwasimamisha chini ya picha na kuwauliza hilo ni umbo gani. Wote husema mstatili. Huwauliza wana hakika. Wana hakika, si mgeni rasmi amesimama nalo. Basi hesabuni miraba, huwaambia, na wanaanza, vidole juu, midomo ikitembea: chini moja na moja, kulia tano na tatu, juu nne na sita, kushoto sifuri na nne. Kona kwa kona huku, kona kwa kona kule. Mmoja mrefu. Mtu mmoja anaguna, kisha wengine wanasoma ile namba begani, kisha darasa zima linaanguka kwa kicheko. Mtihani uliofuata msichana huyu hakunirudishia karatasi tupu. Alikosea maswali mengi, na kila kosa alikuwa amebishana nalo pembeni.

Juzi mkuu alipita wakati kicheko hicho kimepamba moto. Alivua viatu mlangoni, akaingia, darasa likasimama na kumwamkia. Akaitikia marahaba, akauliza kinachofurahisha ni nini.

"Tunausoma mstatili wa mgeni, mwalimu mkuu," msichana akasema.

Mkuu aliitazama picha kwa muda. Akaigusa fremu, akaisogeza kidogo ikae sawa ukutani.

"Usomeni vizuri," akasema, na akatoka kutafuta viatu vyake.